Ufunguo Ulibaki kwa Nani

Ukishuka Maganzo, katika barabara kuu ya kutoka Shinyanga kwenda Mwanza, unajikuta kati ya miji miwili iliyopeana mgongo. Mmoja ni Maganzo yenyewe: fremu za maduka, vibanda vya chipsi, gereji, bodaboda, na madalali wa almasi ambao biashara yao haina bango. Mwingine, ndani ya seng'enge, ni Mwadui. Maganzo haikuchorwa na mtu. Mwadui ilichorwa kwanza, ndipo watu wakaingizwa.

Kanda hii, kuanzia Kishapu, wilaya yenye Maganzo na Mwadui, hadi Geita, imejengwa kwa miradi kuliko sehemu nyingi za nchi. Wajerumani walikuja na mipango yao, Waingereza na yao, makampuni na yao, na serikali zetu zote tangu uhuru hazijaacha kupanga. Kwa hiyo ni mahali pazuri pa kuuliza swali ambalo ripoti za miradi hulikwepa: utepe ukishakatwa, wageni wakala pilau wakaondoka, ufunguo unabaki kwa nani?

Tuanze na Mwadui, kwa kuwa hakuna mpango mwingine mkoani Shinyanga uliojengwa kwa ukamilifu kama huo. John Thoburn Williamson, mwanajiolojia wa Kanada aliyezaliwa mwaka 1907, alifika Tanganyika akafanya kazi katika mgodi wa almasi wa Mabuki, kisha akaacha ajira na kuendelea kutafuta kwa nguvu zake mwenyewe. Mwaka 1940 akaipata Mwadui. Simulizi inayopendwa zaidi huliweka jiwe la kwanza chini ya mbuyu. Simulizi za madini hupenda sana miti. Alichokuwa amekikanyaga kilikuwa mwamba wa kimbalaiti wenye hekta 146, mmoja wa mikubwa duniani kwa upana wake wa juu. Vita vilikuwa vinaendelea, mashine hazipatikani, fedha za shida. Akapata mshirika, wakili wa Mwanza aliyeitwa I. C. Chopra, na kwa miaka mingi akawakatalia De Beers waliotaka kumnunua.

Kisha akajenga mji. Maji ya uhakika hayakuwapo, basi ukawekwa ukingo na kupatikana bwawa la Songwa. Hospitali ya karibu haikutosha, basi ikajengwa ya mgodi. Shule, maduka, nyumba za wafanyakazi kwa madaraja yao, klabu, kiwanja cha ndege: vyote vikainuka ndani ya uzio, na kila kitu kilikuwa na mwenyewe mmoja. Koki ikivuja, fundi wa mgodi anakuja. Taa ikizimika, ni umeme wa mgodi. Mwaka 1947 likatoka jiwe la waridi la karati 54.5, ambalo Williamson alimpa Binti Mfalme Elizabeth kuwa zawadi ya harusi. Baada ya kukatwa likabaki karati 23.6 na kuwekwa kwenye pini ya nguo yenye umbo la ua. Kwa hiyo kitu mashuhuri kuliko vyote vilivyowahi kutoka Kishapu kilikaa miongo mingi London kwenye kifua cha malkia, na wakazi wengi wa Maganzo wamekiona kwenye picha tu, kama wamekiona.

Williamson alifariki Januari 1958 na kuzikwa hapohapo Mwadui. Mwaka huohuo mgodi uligawanywa nusu kwa nusu kati ya De Beers na serikali ya Tanganyika. Miaka ya 1970 ukawa wa taifa. Mwaka 1994 De Beers wakarudi na asilimia 75. Mwaka 2009 hisa hizo zikanunuliwa na Petra Diamonds. Mwaka 2025 Petra nao wakauza. Wachumi husoma mfululizo huo kama historia ya wanahisa. Mimi huusoma kama historia ya mabati. Kila mmiliki aliyeingia alikuta shule, hospitali, mabomba na nyumba ambazo hakuzijenga na ambazo hazitoi almasi. Kwa mwenye hisa, hayo ni gharama. Kwa aliyezaliwa ndani ya ule uzio, huo ni mji wake. Soko la almasi lilipoporomoka Aprili 2020, uchimbaji ulisimama hadi mwaka uliofuata, na mji mzima ukajua unaning'inia kwenye uzi gani. Mji wenye halmashauri unaweza kuilaumu halmashauri yake, ukagoma kulipa ushuru, ukamng'oa diwani. Mji wa kampuni hungoja barua.

Kuna jengo moja la Mwadui ambalo halimo katika picha za kumbukumbu, nalo ni kubwa kuliko yote: ukingo wa bwawa la tope la mgodi. Tarehe 7 Novemba 2022 ukingo huo ulibomoka, tope likamwagika mpaka vijiji vya Ng'wanholo na Nyenze na kufunika mashamba na makazi. Hakuna aliyekufa, na kwa hilo tushukuru. Lakini tukio hilo lilionyesha wazi kwamba uzio hautenganishi chochote pale ambapo maji yana njia yake. Mpango ulikuwa umechora kilicho ndani kwa uangalifu mkubwa. Nje ya mstari ramani ilikuwa nyeupe, na watu walikuwa wanaishi kwenye huo weupe.

Sitaki kuisifu Maganzo kupita kiasi. Barabara zake za ndani ni vumbi kiangazi na tope masika, na siku moto ukizuka gari la zimamoto litapata shida kupita. Hata hivyo kila fremu pale ina mtu anayejua kwamba paa likivuja ni lake. Ndiyo maana mji usiochorwa hukarabatiwa kila siku, bati moja kwa moja, bila mradi.

Mabadiliko ya mipango juu ya ardhi ileile yanaonekana vizuri zaidi Old Shinyanga. Reli ya Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928, mji uliifuata reli, na makao ya mwanzo yakabaki nyuma na jina lake. Hayakubaki matupu. Hapo ndipo Waingereza walipoweka makao ya idara ya utafiti wa mbung'o chini ya Charles Swynnerton, mtu aliyeamini kwamba mbung'o hupigwa vita kwa kumnyang'anya kivuli. Kwa msaada wa watemi, maelfu ya watu walitolewa kufyeka pori, ekari kwa ekari. Swynnerton alikufa kwa ajali ya ndege mwaka 1938, lakini kufyeka kuliendelea, kisha pamba ikaja ikadai nafasi yake, ng'ombe wakaongezeka, kuni zikahitajika, na operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu kutoka kwenye malisho waliyokuwa wameyatunza. Kufikia miaka ya 1980 viongozi wa taifa walikuwa wakiitaja Shinyanga kama jangwa linalokuja.

Mwaka 1986 ukaanza mradi wa kurudisha kile ambacho mradi wa kwanza ulikuwa umekifyeka. Jina lake kamili ni Hifadhi Ardhi Shinyanga, na kila mtu aliuita HASHI. Mwanzoni ulikuwa mradi kama miradi mingine: vitalu vya miche, magari, wataalamu, wafadhili wa Norway, miche ya kigeni. Miche mingi haikustahimili. Kilichouokoa ni kwamba baadhi ya watu wake waliacha kufundisha wakaanza kuuliza, na walipouliza waliambiwa habari ya ngitili, ile desturi ya Wasukuma ya kufunga eneo la malisho wakati wa masika ili majani yawepo kiangazi. Ngitili haihitaji kupandwa. Inahitaji kufungwa, na inahitaji mtu wa kuwatoza faini wanaoivunja. Wa kutoza walikuwapo tayari: dagashida, baraza la kijiji linalokaa chini ya mti, na sungusungu wa kutekeleza maamuzi yake. Mwaka ule wa kwanza ngitili zilizosalia zilikadiriwa kuwa hekta 600 tu. Mradi ulipofungwa mwaka 2004, zilikuwa zimevuka hekta 300,000.

Watu wanaokuja kutafuta alama za Shinyanga hawapelekwi kwenye ngitili, kwa kuwa haina ukuta wala bamba la shaba. Mimi ningeanza nayo. Fedha za wafadhili zilikwisha, ofisi zikagawiwa wengine, na maeneo mengi yakaendelea kufungwa kila masika kwa sababu aliyekuwa na ufunguo hakuwa mradi. Siku hizi ngitili zinabanwa na mashamba, makaa na ugawaji wa ardhi, na baadhi zimekwisha. Ila hazikufa siku ile mfadhili alipoondoka.

Maji ni habari nyingine. Bath, mji wa Uingereza uliokaa juu ya chemchemi za maji moto tangu enzi za Warumi, uliota mahali maji yalipotokea, na hadi leo huwatoza wageni kiingilio kuyatazama. Shinyanga iliota mahali reli ilipopita, na maji yakaja baadaye kwa taabu. Kwa miaka mingi mji ulitegemea bwawa la Ning'hwa, ambalo mvua ikikosekana hubaki matope. Ziwa Victoria lilikuwapo upande wa kaskazini wakati wote huo, lakini juu yake ulikaa mkataba wa mwaka 1929 kati ya Uingereza na Misri kuhusu maji ya Nile, mkataba ambao Nyerere alikataa kuurithi tangu mwanzo wa uhuru na ambao bado uliwatia wafadhili woga. Serikali ikaamua kujenga kwa fedha zake yenyewe. Maji huvutwa Ihelele wilayani Misungwi, husafishwa, husukumwa hadi tanki kubwa la kilima cha Mabale, na kutoka hapo hushuka yenyewe hadi Shinyanga na Kahama. Rais Kikwete aliuzindua mradi huo mwaka 2009.

Tofauti yake na miradi mingi iko kwenye karatasi isiyovutia kuisoma: tangu mwanzo iliundwa mamlaka moja, KASHWASA, ya kuuza maji kwa jumla kwa mamlaka za miji, na mamlaka za miji zikawauzia wananchi kwa dira. Ankara zinachelewa, bili ya umeme wa kusukuma maji ni nzito, na wenye bomba linalopita mlangoni bila koki wana haki ya kunung'unika. Lakini pampu ikiungua kuna mtu ambaye ni kazi yake, na kuna mfuko ambao fedha hutoka. Bomba la kutoka ziwani halikuishia Shinyanga. Baadaye liliongezwa hadi Nzega, Igunga na Tabora. Ni mradi gani mwingine hapa kwetu uliozaa mtoto badala ya kuomba ukarabati?

Geita ina ukale zaidi ya unavyoonekana. Wengi hudhani dhahabu yake ilianza mwaka 2000, mgodi wa sasa ulipozinduliwa. Kabla ya hapo, tangu mwaka 1936 hadi 1966, Geita ilikuwa na mgodi uliokuwa mkubwa kuliko yote ya dhahabu katika Afrika Mashariki. Ulipofungwa, mji ulirudi kwenye pamba na mihogo, na kwa miaka 34 aliyekuwa akichimba ni mchimbaji mdogo na sululu yake. Mgodi wa kwanza uliacha mashimo. Swali la nini kitafuata baada ya mashimo halikuwa sehemu ya mpango wa mtu yeyote.

Mgodi wa pili ulianza na mkataba ambao kwa miaka mingi uliipa halmashauri dola 200,000 kwa mwaka, kiasi kilekile dhahabu ikipanda au ikishuka, hadi ulipoanza kulipwa ushuru wa huduma wa asilimia 0.3 ya mauzo. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yakaongeza jingine: mwenye leseni lazima kila mwaka akae na halmashauri wakubaliane mpango wa fedha za jamii. Kwa Geita, fedha hizo zimekuwa mabilioni ya shilingi kila mwaka, nazo zimejenga madarasa, zahanati, vituo vya afya, nyumba za walimu. Ukizunguka kata za Geita utayatambua majengo hayo kwa bango kabla ya kuyatambua kwa kazi yake.

Hapa pana kasoro ambayo haihitaji mwizi wala mzembe ili itokee. Darasa linajengwa na mfuko wa jamii wa mgodi. Mwalimu anaajiriwa na serikali kuu. Zahanati ni ya mfuko mmoja, muuguzi ni wa mwingine, dawa zinatoka kwingine, na mtu wa kuziba ufa hayumo katika mfuko wowote. Kila upande unaweza kusema kweli kwamba umetimiza sehemu yake, na mama mwenye mtoto mwenye homa akakuta kufuli. Wakaguzi huhesabu majengo yaliyokamilika kwa sababu jengo huhesabika kirahisi. Saa ambazo mlango ulikuwa wazi hazina safu kwenye fomu.

Soko la dhahabu la Geita ni mfano wa upande wa pili, nami huutaja kila ninaposikia mtu anasema tatizo letu ni majengo. Lilifunguliwa na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa tarehe 17 Machi 2019, likiwa la kwanza la aina yake nchini. Ni jengo la kawaida: ofisi, mizani, madirisha ya wanunuzi. Lingeweza kukaa tupu kama masoko mengi ya mazao yaliyojengwa na miradi na kuachiwa mbuzi. Halikukaa tupu kwa sababu wiki chache kabla yake Bunge lilikuwa limewafutia wachimbaji wadogo kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, baada ya wachimbaji kukutana na Rais Magufuli Dar es Salaam mwezi Januari na kumweleza kwa nini wanauza gizani. Uliobaki hasa ni mrabaha na ada ya ukaguzi. Mtu aliyekuwa akitembea na kidonge cha dhahabu mfukoni, akihofia polisi na majambazi kwa kiwango kilekile, akaona hesabu imebadilika. Jengo lilikuja kuwapokea watu ambao tayari walikuwa na sababu ya kuja.

Ukilinganisha na hilo, jaribu kufikiria kituo cha mfano cha kuchenjulia dhahabu kilichojengwa Lwamgasa kwa wachimbaji wadogo, kiwafundishe kupata dhahabu zaidi bila zebaki. Wazo ni zuri na mitambo ni ya kweli. Lakini kinapambana na uchumi mzima uliokwisha kujipanga: mwenye duara, yaani shimo la kuchimba, anadaiwa na aliyempa mafuta na chakula, mwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, anataka marudio, yaani mabaki ya udongo uliokwisha kuchenjuliwa, yabaki kwake kwa sababu ndani yake kuna dhahabu atakayoivuna baadaye, na mchimbaji anataka fedha leo jioni, si wiki ijayo baada ya vipimo. Asiyejua mialo, sehemu za kuoshea dhahabu, inavyogawana mapato atashangaa kwa nini watu hawakimbilii teknolojia bora. Wao hawashangai.

Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025 na lenye kilomita 3 juu ya Ziwa Victoria katika njia ya Mwanza kwenda Geita, halihitaji maneno mengi. Aliyewahi kulala kwenye foleni ya kivuko na mgonjwa ndani ya gari anajua thamani yake. Ninachongoja kuona ni Katoro, mkoani Geita. Mji huo wa biashara, uliojikusanya wenyewe kwenye njia panda za dhahabu, nguo na mazao, umeipita miji mingi iliyopangwa, na daraja litauongezea kasi. Wapimaji wa viwanja watafika, kama kawaida, wakati kila kona ina mtu.

Je, lolote kati ya haya linalindwa kama urithi? Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863. Mlango wa kuchongwa una nafuu zaidi, wenyewe unalindwa ukiwa wa kabla ya 1940. Ni sheria iliyoandikwa na watu waliokuwa wakiitazama pwani, Kilwa na Bagamoyo, na kwa macho hayo karibu kila tofali la Shinyanga na Geita ni mtoto mchanga. Waziri anaweza kutangaza jengo changa kuwa kumbukumbu, ila lazima mtu aombe. Huko Cornwall, kusini-magharibi ya Uingereza, nyumba za mitambo ya mvuke za migodi ya bati na shaba zilizoachwa zimekuwa urithi wa dunia tangu mwaka 2006, si kwa sababu ni nzuri, bali kwa sababu zinaeleza kazi. Nyumba za madaraja za Mwadui zinaeleza kazi pia, na zinaeleza ukoloni, utaifishaji na soko huria kwa ukuta mmoja. Kishapu ikitaka kuziombea, wanaozikumbuka bado wapo.

Jaribio la karibu zaidi liko Kahama, mji ambao sensa ya mwaka 2022 iliukuta na watu wengi kuliko manispaa ya Shinyanga, makao makuu ya mkoa. Kando yake, mgodi wa Buzwagi ulianza uzalishaji mwaka 2009 na kuufikisha mwisho mwaka 2021. Safari hii sheria ilidai mpango wa kufunga, na serikali ikaamua eneo liwe ukanda maalumu wa kiuchumi. Kampuni ya Barrick ikaanzisha hapo chuo cha kuwafunza wasimamizi wake, na kiwanda cha kusafisha nikeli ya Kabanga nacho kikapangiwa hapo. Kiwanja cha ndege, ofisi, karakana, bweni, mabomba: kwa kila kimoja ilibidi kuulizwa nani anachukua, nani analipa umeme, nani atatengeneza kikiharibika. Ni kazi ya kuchosha, ya majedwali na vikao, na baadhi ya viwanja vya ukanda huo bado vinangoja wapangaji.

Lakini maswali hayo yaliulizwa mgodi ukifungwa. Hakuna kifungu kinachokataza kuyauliza darasa likiwa bado mchoro. Kila mwaka halmashauri na mgodi wa Geita hukaa kukubaliana orodha ya vitu vya kujenga. Kwenye orodha hiyohiyo kuna nafasi ya safu tatu zaidi, za mtumishi, bili na fundi, na mradi ambao safu zake hazijajazwa ungeweza kungoja bajeti inayofuata.